Atakayetoweka Vizuri Apewe Kinamasi

Hapo zamani za kale, wanangu, enzi wanyama walipokuwa na nyumba, wakwe na vikao, nchi ilikauka hata pakabaki kinamasi kimoja tu. Humo Bi Chura alikuwa analea wanawe.

Wakubwa wakaona aibu. Wakaitisha kikao cha Mpango wa Taifa wa Kukinusuru Kinamasi. Na wakakifanyia wapi? Humo humo kinamasini!

Mwenyekiti Tembo akaketi, pwaa! Matete yakalala chini. Nyati akachangia hoja huku anatafuna. Kiboko akaunga mkono kwa makalio, chubwii! Maji yakaruka, na viluwiluwi wa Bi Chura wakatupwa nchi kavu, wakapapatika wakafa.

Akabakiwa na fungu moja la mayai, kando ya unyayo wa mwenyekiti. Hakulia. Alipanda kisikini.

"Waheshimiwa! Kinamasi atapewa nani?"

"Aliye hatarini kutoweka," Tembo akajibu. "Yaani mimi."

"Wewe?" Kiboko akaangua kicheko, hoo hoo! "Na tumbo hilo, babu?"

"Kwetu tumebaki wachache!"

"Wachache! Juzi harusini kwenu mlikula msitu mzima!"

"Wachache ni sisi," Nyati akadakia, na shangazi zake wamejazana nyuma wanacheua.

Bi Chura akakohoa. "Samahani, wakubwa zangu. Kutoweka hakusemwi kwa mdomo, kunaonyeshwa. Mimi nawaona mpo, tena mmejaa tele! Atakayetoweka vizuri kuliko wenzake, si ndiye apewe?"

Wakatazamana kwa kijicho.

"Shangazi zangu, poteeni hapa!" Nyati akafoka.

Tembo akawafukuza wajukuu, Kiboko akawaswaga wanawe. Kisha na wenyewe, puu! puu! puu! mbio vichakani kwenye ukame, kila mmoja akitafuta pa kujificha.

Kesho yake Tembo, njaa imembana nyuma ya mchongoma mkavu, akaita, "Bi Chura! Waniona?"

Bi Chura alimwona mzima mzima, masikio mpaka mkia. "Ebo! Nani huyo? Nasikia sauti tu!"

"Na Kiboko je?"

"Loo, huyo kaacha sikio nje. Jibane hapo hapo, babu, unashinda!"

Tembo akajibana. Kinamasini matete yakasimama, mayai yakaanguliwa, na Bi Chura akawa anawaogesha wanawe bila kutazama juu kila dakika.

Basi wanangu, anayepanga kukuokoa huku amekukalia, mtafutie kwanza sababu ya kuinuka.