Kitanda cha Mbao Nane

Hapo zamani, na nikisema zamani msinitazame kana kwamba nimekula chumvi nyingi, maana simu zilikuwa zimeshaingia hata kwenye mifuko ya watu wasio na viatu, palikuwa na fundi seremala katika mji wa Kwemkole, kule milimani. Fundi huyo aliitwa Shehoza. Alikuwa na mama mmoja, kama sisi sote, na wake wawili, kama wale wasiojionea huruma. Mama aliitwa Bi Kidawa. Mke mkubwa aliitwa Mwantumu. Mke mdogo aliitwa Zaudia. Waliishi ua mmoja, kila mwanamke na chumba chake, na kila mmoja alijua mwenzake amepika nini kabla sufuria halijafunuliwa.

Juu ya dari la karakana ya Shehoza palikuwa na mbao ishirini na nne za mninga. Baba yake marehemu ndiye aliyezipandisha pale zikauke, na alisema zitatoa vitanda vitatu, mbao nane kila kitanda. Shehoza akazigawa kwa mdomo. Cha kwanza alimwahidi mama yake, ambaye alilala kwenye kitanda cha kamba. Cha pili alimwahidi Mwantumu siku ya harusi, na Mwantumu akakingoja miaka kumi na minane juu ya kitanda chenye mguu wa tofali. Cha tatu alimwahidi Zaudia alipomposa, na nadhani ahadi ile ilichangia posa kukubaliwa.

Basi, vitanda vitatu, wanawake watatu. Pangekuwa na ugomvi gani hapo? Lakini ndani ya simu ya Shehoza palikuwa na kasino, na ndani ya kasino palikuwa na mchezo wa puto. Unaweka pesa yako, puto linapanda, na pesa inapanda nalo. Ukiwahi kutoka kabla halijapasuka, umekula. Ukitamani kidogo tu zaidi, umeliwa. Shehoza alikuwa mtu wa kutamani kidogo tu zaidi.

Puto likapanda, likapanda, likapasuka, na ubao mmoja ukashuka darini kwenda kuuzwa. Puto likapanda, likapanda, likapasuka, na ubao wa pili ukashuka. Puto lilipanda kila siku na mbao zilishuka kila wiki. Zikashuka kumi na sita. Zikabaki nane.

Msidhani hakujaribu kujizuia. Mchezo wenyewe ulikuwa na sehemu ya kuweka kikomo, kwamba kwa wiki usitumie zaidi ya kiasi fulani, na kikomo hicho unakifunga kwa namba sita za siri. Shehoza alikiweka asubuhi, akakifungua saa kumi alasiri. Alikiweka tena, akakifungua tena. Namba za siri zilikuwa zake, sasa angemficha nani?

Siku moja Mwantumu alipanda darini kutafuta ungo. Akahesabu mbao. Akahesabu tena akidhani giza linamdanganya. Aliposhuka alikwenda kwenye kikoba chake, chama cha akina mama cha kuweka akiba, kama kila Alhamisi, akakaa na wenzake, akalitazama sanduku lao la pesa. Lilikuwa na makufuli matatu, na funguo zake zilikaa kwa watu watatu, hata mmoja akishikwa na tamaa asiweze kulifungua peke yake. Mwantumu alilitazama sanduku lile mpaka wenzake wakamuuliza kama anaumwa.

Aliporudi nyumbani alimwita mumewe mbele ya mama na Zaudia.

"Mume wangu," alisema, "hizo namba sita usikae nazo wewe. Mbili nishike mimi, mbili Zaudia, mbili mama. Wiki nzima utacheza pesa ya soda moja, na soda ikiisha imeisha."

Shehoza alikubali, tena kwa machozi, kwa sababu na yeye alikuwa amezihesabu zile mbao. Akatoka nje akageukia ukuta. Simu ikapita mikononi mwa wanawake watatu. Hapo tu, kabla kufuli halijafungwa, wivu ulishaanza. Mwantumu alitaka kubonyeza wa kwanza kwa kuwa shauri ni lake. Zaudia akauliza kwa nini kila kitu lazima kianzie chumba kikubwa. Mama akawaambia waanze wao, yeye atafunga mlango nyuma yao. Ikawa Mwantumu kwanza, Zaudia katikati, mama mwisho, na kila mmoja alibonyeza namba zake akiwa ameifunika simu kwa upande wa kanga.

Miezi saba makufuli yale yalishika. Jumamosi Shehoza alicheza soda yake, puto likapasuka, akaguna, akarudi kwenye randa. Lakini wale wake wawili hawakutulia. Mwantumu akimwona Zaudia anacheka na mume karibu na simu, roho inamuuma: huenda keshampa. Zaudia akimwona Mwantumu anampelekea mume chai karakanani, anakosa hamu ya kula: huenda naye keshampa. Mimi nimewahi kuwa na mke mwenza, wala sioni haya kusema. Nilihesabu vijiko vya sukari alivyotiliwa mwenzangu. Namba mbili za siri za mume nisingelala nazo usingizi, na hata nikilala ningeamka kuuliza za mwenzangu ni ngapi.

Basi mwezi wa nane akaja mfanyabiashara wa mbao. Aliziona zile nane, akazipenda, akazilipia palepale kwenye simu, akasema kesho asubuhi analeta gari kuzichukua. Shehoza akaipokea pesa ile, lakini moyoni alikuwa na hesabu nyingine. Alijiambia: leo hii nitakula mara moja tu, kwa mkupuo mmoja, nimrudishie yake huyu na ninunue zile mbao kumi na sita zilizoliwa, vitanda vyote vitatu virudi. Kwake ile haikuwa kamari tena, ilikuwa ni kutimiza ahadi. Lakini kikomo kilikuwa soda moja, na namba za kukifungua zilikuwa kwa wanawake watatu.

Akaanza kwa mama. Mama alikuwa anachambua mchele, hata hakuinua uso.

"Mwanangu, sikupi."

Shehoza akamwambia ni mara moja tu. Mama akasema hapana. Akamwambia wake zake wote wamekubali. Mama akasema hapana, na hao wake zake hawajamzaa. Akamwambia basi yeye hatakanyaga tena chumbani kwa mama, hata maji hatampelekea. Mama akaendelea kuchambua mchele huku machozi yanadondokea kwenye sinia, na bado akasema hapana.

Akaenda kwa Mwantumu, na huku akaja na uongo.

"Zaudia keshanipa zake," alisema. "Sikumwomba hata mara mbili."

Sasa msikilizeni Mwantumu, mwanamke mwenye akili, mwanamke aliyeyaleta yale makufuli mwenyewe. Alijua kwamba hapaswi kutoa. Lakini aliposikia Zaudia keshatoa, hakuziona tena mbao, alimwona Zaudia akisifiwa kuwa ndiye mke anayemwamini mumewe. Miaka kumi na minane, halafu wa juzi ndiye awe mwenye mapenzi? Akasema: mbili, saba. Na zilikuwa za kweli.

Akaenda kwa Zaudia.

"Mwenzako keshanipa zake," alisema, na safari hii hakusema uongo.

Zaudia akatabasamu. Alikuwa na tabasamu zuri, sitamnyima haki hiyo. Akamwambia: tatu, sita. Shehoza akamshukuru, akaondoka mbio.

Mpangilio alikuwa ameujua tangu siku ile, aliposikia akiwa ukutani wakigombania nani aanze. Za mama akazikisia. Alikuwa mtoto pekee wa Bi Kidawa. Mama mwenye mtoto mmoja akiambiwa achague namba mbili ambazo hatazisahau, ataweka nini zaidi ya mwaka aliomzaa? Shehoza alizaliwa mwaka themanini na moja. Akabonyeza: mbili, saba, tatu, sita, nane, moja.

Simu ikakataa. Ikamwonya amebakiza mara mbili.

Akadhani amekosea kubonyeza. Akabonyeza polepole, zilezile. Simu ikakataa, ikamwonya amebakiza mara moja, na akikosea akaunti itafungwa mwaka mzima. Akarudi kwa Zaudia akamuuliza kama ana hakika na namba zake.

"Zangu ni hizohizo," Zaudia alisema. "Kamuulize bi mkubwa wako, yeye ndiye asiyeupenda huo mchezo."

Shehoza hakwenda kumuuliza. Aliona ameshaelewa. Mwantumu kamgeuzia namba. Basi akazigeuza mwenyewe, akaweka saba, mbili, zilizobaki akaziacha kama zilivyo. Simu ikakataa. Akaunti ikafungwa mwaka mzima, na pesa za mbao zikabaki nje ya puto. Yule bwana alipokuja na gari asubuhi hakupewa mbao, alirudishiwa pesa zake zote. Na msimsifu Shehoza kwa hilo. Alizirudisha kwa hasira, kwa sababu hakuwa na pa kuzichezea.

Hasira nyingine akazimalizia nyumbani. Kwa mama yake hakukanyaga mwezi mzima. Kwa Mwantumu hakukanyaga miezi minne. Zamu ya Mwantumu ilipofika alikwenda kwa Zaudia, na ya Zaudia ilipofika alikwenda kwa Zaudia. Mwantumu hakuelewa. Alikuwa ametoa namba za kweli, akaadhibiwa kama aliyetoa za uongo, na kila jioni alisikia kicheko upande wa pili wa ukuta. Angelalamikaje? Angesema, mimi nilikupa za kweli uende ukapoteze mbao? Akakonda.

Lakini mwaka ni mrefu. Mkono usio na puto ukarudi kwenye msumeno. Watu wakaanza kumletea milango, kisha makabati. Akarudi kwa mama yake, kisha kwa Mwantumu, kwa aibu ya mtu asiyejua aanzie wapi. Mwaka ulipoisha simu ikamletea ujumbe kwamba akaunti iko wazi, je, anataka kuendelea? Akachagua kuifunga moja kwa moja, na safari hii hakuna mtu aliyeshika namba yoyote.

Kisha akazishusha zile mbao nane, akatengeneza kitanda. Jamani, kitanda. Kichwani alichonga maua ya mkarafuu, akakipiga msasa mpaka ukipitisha kitambaa cha hariri hakinasi. Akakiweka katikati ya ua, akawaita wanawake watatu.

"Vilikuwa vitatu, nikavila viwili," alisema. "Hiki kilichobaki ni cha yule aliyekiokoa."

Mama akasema kwanza.

"Ni changu. Aliponijia nilimkatalia usoni, mimi peke yangu katika nyumba hii. Nilikataa nikijua nitamkosa mwanangu, na nikamkosa kweli."

Shehoza akamuuliza namba zake zilikuwa ngapi. Mama akasema nane, moja. Shehoza akainamisha kichwa, akasema hizo ndizo alizoweka.

"Kwa hiyo mama alikataa kwa mdomo," akasema Zaudia, "lakini kufuli lake lilifunguka."

Mwantumu akasogea akashika mguu wa kitanda.

"Ni changu. Bila mimi pasingekuwa na kufuli lolote, na hizi nane zingeshaliwa mwezi uleule. Nilitoa namba zangu, ndiyo, nakiri mbele yenu, wivu ulinishinda. Lakini nimelipa. Miezi minne nimelipa kosa la mtu mwingine, na leo ndiyo nataka kujua ni la nani."

Wote wakamtazama Zaudia. Na Zaudia, niwaambie, hakukimbia. Alishika mguu wa kitanda upande wake.

"Kosa ni langu," alisema. "Zangu zilikuwa sita, tatu. Nilimpa tatu, sita. Nilijua wewe dada umeshatoa, na mimi nikikataa nitaonekana ndiye mke mbaya. Nikampa za uongo ili zikigoma akulaumu wewe. Sikuziwaza mbao hata kidogo, nilikuwaza wewe. Lakini kufuli lako lilifunguka na la mama likafunguka. Ambalo halikufunguka ni langu. Sasa, kitanda ni cha nani?"

Mwantumu akainua mkono kumpiga, mkono ukabaki hewani, kwa sababu alijua kwamba yule mwanamke aliyemponza miezi minne ndiye aliyeziokoa mbao ambazo yeye alizitoa. Mama akashika mguu wa tatu wa kitanda. Mguu wa nne aliushika Shehoza, maana walikuwa wameanza kuvuta na aliogopa kitavunjika.

Naona mmoja wenu ananong'ona kwamba akilalie fundi mwenyewe, kwa kuwa ndiye aliyeifunga akaunti mara ya mwisho. Huyo simjibu, ana mke mmoja, hajui dunia. Na mwingine anasema walale wote watatu. Kitanda kile ni futi nne kwa sita, na mama mkwe anakoroma.

Basi semeni nyinyi mliokaa hapa kimya muda wote mkijidai hamna wivu. Wa kwanza alikuwa na akili ya kuleta kufuli, akalifungua la kwake. Wa pili alikuwa na moyo wa kukataa, mapenzi yakamfungulia. Wa tatu alikuwa na kijicho na uongo, na kijicho chake ndicho kilichoshika mlango. Wanne wamesimama uani, kila mmoja kashika mguu wake, na mawingu ya mvua yanashuka mlimani juu ya mninga mpya usiopakwa vanishi.

Je, nani alistahili kukiingiza chumbani kwake?