Wageuza Uso wa Madyani

Kabla sijaanza, nikiri kosa. Miaka mingi nilipowafundisha watoto habari za watu wa Madyani, wale wahamahamaji wa jangwani waliotajwa katika vitabu vitukufu, nilisimulia namna walivyopunja vibaba na mizani, nikasimulia ukelele uliowaangamiza, basi nikafunga darasa. Watoto wakatoka wakidhani Madyani ni jina la wezi tu. Ile sehemu isemayo kwamba walioamini pamoja na Nabii wao waliokolewa, nilikuwa nikiiruka, kwa kuwa haitishi. Mola anisamehe. Leo nawasimulia habari za uzao wa hao waliookoka, kama nilivyozisikia, na ajuaye hakika yake ni Yeye peke yake.

Inasimuliwa kwamba waja hao, baada ya miji yao kunyamaza, walirudi kwenye hema za manyoya ya mbuzi, wakawa wanahama kufuata malisho. Na kwa hofu ya lile lililowapata jamaa zao, wakajiwekea desturi: muuzaji asijaze kibaba kamwe. Mnunuzi ndiye hujaza kwa mkono wake mwenyewe, na muuzaji hugeuza uso mpaka aambiwe, "Tayari." Watu wa mijini wakawaita Wageuza Uso. Wengine waliwaheshimu kwa hilo. Wengi waliwacheka, kisha wakawanyonya.

Katika uzao huo palikuwa na mjane mcha Mungu, jina lake Tumadhiri. Mwaka mmoja mvua ilikatika, mbuzi wakakauka maziwa, na habari zikaja kwamba majani yameota ng'ambo ya jangwa. Watu wa hema wakaazimia kuhama. Tumadhiri alikuwa na binti wawili wadogo na mavyaa wake, mama wa marehemu mumewe, Bi Ghazala, aliyekuwa mkongwe asiyeweza safari ya miguu. Chakula cha njiani hakikuwapo. Kilichobaki hemani ni kiriba kimoja cha samli.

"Nenda mjini ukaibadilishe kwa shayiri," Bi Ghazala alimwambia. "Ikitosha, nipakieni juu ya punda. Isipotosha, niacheni hapa. Mimi chakula nimekula kingi tangu nizaliwe, sina deni na tumbo."

"Usiseme hivyo, mama."

"Nasema kwa sababu wewe hutasema."

Tumadhiri akaenda, na maneno hayo yakimkaa kifuani kama mwiba wa samaki.

Alipoingia sokoni, muuza tende mmoja aitwaye Hubaishi akampokea kwa kelele. "Wageuza Uso wamekuja! Jamani, nani ana bakuli? Bibi, geuka utazame mlimani, sisi tutajipimia!" Watu wakaangua kicheko. Na kweli, hiyo ndiyo ilikuwa mbinu yao: mtu hukinga bakuli chini ya kibaba, akamimina samli mpaka ifurike, kisha hulipa kibaba, na iliyofurika akaiita bahati. Tumadhiri alilijua hilo. Akapita kimya, akiomba moyoni akutane na mtu mmoja tu anayemwogopa Mola wake.

Pembeni mwa soko akamkuta mama mtu mzima, kipofu, ameketi mlangoni mwa nyumba yake. Alikuwa Bi Unaiza, naye alikuwa na akiba ya shayiri ndani. Akainusa samli, akasema, "Hii ni ya mbuzi waliokula majani machungu. Naitaka yote. Kila kibaba cha samli nitakupa pishi ya shayiri."

Ilikuwa bei njema, maana pishi ni vibaba vinne. Tumadhiri akampa kibaba, akageuza uso.

"Sasa unanipa mimi nifanye nini?" akauliza Bi Unaiza.

"Ujaze, mama. Kwetu mnunuzi ndiye hujaza."

"Mwanangu, sioni, na mikono hii inatetemeka. Nikijaza mimi, samli yako itanywewa na mchanga. Jaza wewe."

"Sisi hatujazi, mama. Ni haramu yetu."

"Basi mimi nisinunue, wewe usiuze, tukae hapa tutazamane? Na katika kutazamana huko mimi ni mshirika mbaya."

Tumadhiri akacheka. Akakumbuka uso wa Bi Ghazala. Akaomba msamaha kwa Mola wake, akashika kiriba. Bi Unaiza akaweka sinia chini ya kibaba, kisha samli ikaanza kumiminika.

Hapo ndipo balaa. Mwanamke huyu alikuwa hajajaza kibaba tangu azaliwe, wala hajaona mtu akijaza, maana kila palipopimwa yeye alikuwa amegeuka. Tangu utotoni aliambiwa kwamba upungufu mdogo kama unywele uliiangusha miji. Samli ilipofika ukingoni, akaona kama bado. Akaongeza. Ikafurika, akaona katikati kama pana bonde. Akaongeza tena. Akamimina kibaba hicho katika mtungi wa Bi Unaiza, akajaza kingine vivyo hivyo, na kingine, huku samli ikitiririka siniani, mpaka kiriba kikalegea kabla ya vibaba alivyovitarajia kufika hata nusu. Akakikamua. Hakuna kitu. Shayiri ya vibaba hivyo vichache ingewavusha watoto, haingemvusha mkongwe.

"Imekwisha," akasema kwa sauti ndogo.

"Kibaba hicho cha mwisho kilete kwanza." Bi Unaiza akanyoosha kidole chake cha shahada, akakiteremsha taratibu ndani ya kibaba, kama alivyozoea kujikagulia. Kidole kilipogusa ukingo tu, kikalowa. Akakitoa. Akajaribu tena upande wa pili. Kisha machozi yakamtoka katika yale macho yasiyoona.

"Nimekosa nini, mama?"

"Tangu nipofuke nanunua katika soko hili," akasema Bi Unaiza. "Kila siku kidole changu huzama mpaka kiungo cha pili ndipo kikutane na samli. Nilikwisha amini kwamba kibaba kilichojaa ndivyo kilivyo."

Kisha akapangusa uso, akapapasa sinia. "Na hii yote iliyo hapa ni nini? Mwanangu, wewe hukuwa ukijaza, ulikuwa ukimwagilia shamba! Hii si yangu. Ipime upya."

"Niliimimina mimi kwa mkono wangu."

"Kwa ujinga wako! Nami kwa ujinga wangu, niliposikia ikitiririka, nilidhani kibaba kina shimo. Tukutane wajinga wawili tudhulumiane? Ipime."

Wakaipima, safari hii kidole cha Bi Unaiza kikiwa ukingoni, naye akisema, "Basi!" kila ilipofika. Vibaba vikatimia karibu na vile alivyotarajia Tumadhiri.

Wakaingia ndani penye shayiri. Bi Unaiza akampa pishi ya kupimia. "Hapa mnunuzi ni wewe. Jaza. Mimi nageuza uso."

"Mama, nawe huoni!"

"Najua sioni. Lakini mimi naona kwa masikio." Akaugeukia ukuta, akaziba masikio yake kwa viganja viwili. "Ukimaliza niguse bega."

Tumadhiri akabaki na shayiri, na hakuna aliyemwona ila Aliyemwumba. Akapima haki yake guniani. Akalitazama gunia. Lingetosha, lakini kwa shida. Punda akijikwaa tu, au kisima kimoja kikiwa kikavu, aliyesema "niacheni hapa" angeachwa. Mkono ukarudi kwenye shayiri. Hakuona kama ni yeye anayeurudisha. Akachota na kutia, akachota na kutia, bila kupima. Akafunga gunia haraka.

Na katika kufunga fundo hilo ndipo alipofahamu jambo ambalo hakuwahi kuambiwa hemani. Wale jamaa walioangamia hawakuzaliwa na mapembe. Huenda wa kwanza wao alikuwa mtu mwenye mzee nyumbani, na mkono uliorudi mara moja. Maisha yake yote yeye aligeuza uso, akadhani huko ndiko kuwa mwema, kumbe hajapata kuachwa peke yake na kibaba.

Akamgusa Bi Unaiza bega huku akilia. "Mama, nimekuibia."

"Kiasi gani?"

"Sijui. Sikupima."

"La haula! Mwizi gani huyu hajui alichoiba?" Bi Unaiza akaketi sakafuni. "Lete gunia. Tuanze tena."

Wakamwaga shayiri yote, wakapima upya. Iliyozidi ikawa fungu dogo mkekani. Bi Unaiza akaipapasa, kisha akauliza, "Ulikuwa unamchukulia nani?" Tumadhiri akamweleza habari za mavyaa wake na punda. Yule mama akachukua ungo, akakusanya fungu lile, akalirudisha guniani kwa mkono wake mwenyewe unaotetemeka.

"Ulipoichukua ilikuwa moto," akasema. "Sasa ninapokupa mimi ni riziki. Nisalimie mkongwe mwenzangu."

Tumadhiri aliporudi hemani, Bi Ghazala alilisukuma gunia kwa mguu, akaguna. "Mimi nimekwisha waaga mbuzi, sasa nitawatazamaje usoni?" Tumadhiri akamsimulia yote, hata lile la mkono. Bi Ghazala akamkumbatia, akasema, "Mtoto wa Madyani aliyerudisha. Alhamdulillahi." Alfajiri wakamketisha juu ya punda, wakashika njia ya malisho. Wakafika wote.

Ndugu zangu, kuangamia na kuokoka vilitoka katika kaumu moja, pengine katika nyumba moja, na kilichovitenga ni mkono uliokubali kurudisha. Mlango wa toba kwetu bado u wazi. Nami nakuomba jambo moja tu: kesho ukimpimia mtu asiyeweza kuona unachopima, mjazie mpaka ukingoni.