Saa ya Kopo la Biskuti

Sogeeni mbele, jamaa zangu, nafasi ipo. Na wewe uliyechungulia saa yako sasa hivi, nimekuona! Usijali, maneno yangu ya leo ni ya saa hiyo hiyo.

Kulikuwa na bwana mmoja, mtu wa ofisini, lakini mapenzi yake yote yako kwenye nyaya. Redio ya jirani ikifa, analetewa yeye. Siku moja akasema, "Saa za rahisi zinakimbia, za ghali siziwezi. Nitatengeneza yangu." Akang'oa taa za namba kwenye deki mbovu ya video, akanunua kile kidude cha kioo kinachohesabu sekunde, akalehemu, akaungua vidole, akalehemu tena. Yote akayapachika ndani ya kopo la biskuti. Akaitia majira, yaani akaiambia sasa ni saa ngapi, na wiki nzima haikuteleza hata sekunde. Wallahi ilikuwa saa!

Sasa, nyumbani alikuwa anaishi na mama yake. Mama huyu mwaka uliopita maradhi yalimzuia kufunga Ramadhani, akalia kama mtoto. Mwaka huu akaomba, "Ya Rabbi, nijaalie niumalize mwezi mzima." Na mwezi ulikuwa ukingoni, hajala mchana hata siku moja.

Jioni wamekaa mbele ya futari. Yule bwana akaliweka kopo lake mezani, kifua mbele. "Mama, leo hatumsubiri muadhini. Nimetazama wakati wa magharibi kwenye kalenda ya msikiti, na saa yangu itapiga kelele yenyewe."

Saa ikalia. Mama akasema bismillahi, akala tende, akanywa maji. Halafu akainua macho dirishani.

"Mwanangu, mbona jua bado liko juu ya bati la jirani?"

"Mama nawe! Saa hii haipotezi hata sekunde. Kunywa uji."

"Uliitia majira kwa saa gani?"

"Si kwa hii ya mkononi..." Akaivua haraka, akaificha mfukoni.

Mnajua kwa nini? Saa ile ya mkononi aliisogeza mbele mwenyewe zamani, ili asichelewe kazini! Mmecheka. Wangapi humu wamezisogeza zao? Shusheni mikono, msikiti utajaa aibu.

Hapo ndipo adhana ikasikika. Mama akaiweka chini kokwa ya tende, machozi yanamlenga. Hakugomba. Akasema, "Kweli, mwanangu, saa yako haipotezi hata sekunde. Imeushika uongo wako barabara, haikuuachia."

Siku ya mama ikaharibika. Akaja kuilipa baada ya Idi, na mwanawe akafunga pamoja naye, kopo limegeuzwa uso ukutani.

Jamaa zangu, je, saa ile ilikuwa mbovu? Hata kidogo! Ilikuwa saa nzuri iliyofundishwa vibaya. Na sisi je? Tunajipiga kifua: mimi ni mtu wa msimamo, nikisema nimesema, sibadiliki. Mashallah! Lakini msimamo huo uliutia majira kwa saa gani? Kwa hasira ya ndugu uliyemnunia tangu mazishi ya baba yenu? Kwa maneno ya barazani? Kwa kauongo kadogo ulikojiambia kwa nia njema, mpaka ukasahau kuwa ni uongo? Msimamo peke yake hautuokoi. Mtu aliyekosea akishupaa, anakosea kila siku bila kukosa, tena anawafuturisha na wenzake mchana.

Dawa ipo, na hailipiwi. Qur'ani ipo, adhana ipo. Leo kabla hujamwambia mtu "mimi sikosei," inuka, fungua dirisha, utazame jua liko wapi.

Na ukimkuta mama yako ameshalitazama kabla yako, msikilize.