Kamba na Ndoo ya Bi Lubaba

Wametusimulia waliotutangulia kwamba katika mji mmoja kando ya mto Furati aliishi mshona matandiko ya ngamia aitwaye Mundhiri, Mwenyezi Mungu amrehemu, pamoja na mkewe Lubaba. Hawakujaaliwa mtoto. Siku ya ndoa yao mahari ilitajwa kuwa dirhamu sitini za fedha, naye bibi akakubali zibaki katika dhima ya mumewe mpaka atakapozihitaji. Kiasi hicho Lubaba hakukitaja kwa kubahatisha. Mama yake alikufa kwa kiu katika njia ya mahujaji, na wakati huo dirhamu sitini zilitosha kuchimba kisima. Lubaba alikuwa ameweka nadhiri kwamba kisima hicho kichimbwe pale pale mama yake alipozikwa.

Miaka ikapita. Mundhiri akapata mwaka mmoja wa neema, akauza matandiko mengi kwa jeshi, na fedha ya mahari ikawa mkononi. Akamtazama mkewe, akamwona kimya, akaitumia fedha ile kununulia ngozi. Alisema moyoni kuwa mwakani atalipa.

Mwakani ikaja fitina. Amiri akapinduliwa na nduguye, nduguye akapinduliwa na jemadari, na kila aliyekalia kiti aligonga sarafu kwa jina lake na kuzitia shaba zaidi kuliko mwenzake. Ngano iliyouzwa dirhamu moja Ijumaa hii iliuzwa tatu Ijumaa ya pili. Yakaonekana mjini mambo ya ajabu: wadaiwa wakawa wanawasaka wadai wao ili wawalipe kwa sarafu hizo hafifu, na wadai wanajificha. Waliokuwa na madeni makubwa wakaongeza ghorofa juu ya nyumba zao. Wajane waliojiwekea akiba vyunguni wakakaa mlangoni mwa msikiti kuomba. Kadhi alipoulizwa alijibu kwamba dirhamu ni dirhamu, na aliyelipa idadi amelipa.

Mundhiri hakuwa mtu wa kujificha nyuma ya jibu hilo. Alidaiwa na jirani yake muuza ngozi, naye akamlipa kwa mizani, uzito wa fedha safi kama aliyoikopa, hata ikambidi amuuze punda wake. Habari ikaenea, watu wakawa wanamwombea dua sokoni. Nadhani dua zile zilimlevya kidogo.

Kisha Lubaba akaugua, akajua kuwa ugonjwa ule si wa kupona. Akasema, "Ewe mume wangu, sasa nahitaji mahari yangu."

Mundhiri akafurahi kwamba anaweza. Akaleta mfuko, akamhesabia dirhamu sitini za amiri mpya, hata moja haikupungua. Lubaba akampa kaka yake azipeleke kwa mchimba visima. Kaka akarudi na kamba mpya na ndoo ya ngozi.

"Na kisima?" akauliza Lubaba.

"Dada yangu, hivi ndivyo zilivyoweza kununua."

Lubaba akaiweka ile kamba kifuani. Kisha akasema kwa upole, "Ewe Mundhiri, jirani ulimlipa kwa mizani. Mimi umenilipa kwa hesabu."

Mundhiri akainamisha kichwa, machozi yakamtoka. Wallahi hakukusudia kudhulumu. Ni kwamba hakuwahi kumwona mkewe kuwa miongoni mwa wadai. Akasema, "Nisamehe."

"Haki yangu nimekusamehe. Lakini haki ya wenye kiu si yangu, siwezi kuisamehe."

Mundhiri akatoka saa ile ile, akauza ngozi zote, na zana zake, na duka alilorithi kwa baba yake. Aliporudi na fedha safi iliyopimwa, aliwakuta wanawake wa mtaani wanamwosha Lubaba. Akauweka mfuko kizingitini, akalia kama mtoto.

Baada ya maziko Kadhi akamwambia, "Marehemu hakuacha mtoto. Nusu ya fedha hii inarudi kwako kwa mirathi, na ni halali yako."

Mundhiri akajibu, "Ewe Kadhi, nilinufaika naye kwa shaba ya amiri. Sasa ninufaike na kifo chake?"

Akakataa kuipokea, na kaka wa marehemu naye akakiachia kisima nusu yake. Wakaenda wote wawili jangwani, wakachimba pamoja na mchimba visima mpaka yakatoka maji matamu.

Lakini kando ya kaburi la mama yake Lubaba walikuta kaburi jingine, dogo, udongo wake ungali mpya. Mundhiri akauliza ni la nani. Mchimba visima akasema, "Ni mtoto wa msafara uliopita kiangazi hiki. Maji yaliwaishia."

Mundhiri hakurudi mjini. Alibaki pale maisha yake yote, akiwatekea mahujaji kwa kamba na ndoo ya mkewe. Ndoo ya kwanza ya kila asubuhi alilimwagia kaburi lile dogo. Wasafiri walipomsifu kwa sadaka yake aliwaambia, "Hii si sadaka. Ni deni, na limechelewa."

Ndugu zangu, bei zinapopanda tunawanyooshea kidole watawala na wafanyabiashara, nao kweli wana la kujibu mbele ya Mola wao. Lakini tutazame pia ndani ya nyumba zetu, nani amenyamaza huku haki yake ikiyeyuka mikononi mwetu. Mwenyezi Mungu atuwezeshe kulipa mapema, kabla kisima cha mtu hakijawa kamba na ndoo.