Peremende kwenye Mashine Namba Moja

Mtu anayekataa jembe hili na lile mwishowe huonekana amesimama pembeni mwa shamba, mikono mitupu, wenzake wakivuna. Ndivyo ilivyomtokea Bang Seok-jun, naye hakuwa mvivu hata kidogo. Ugonjwa wake ulikuwa kuchagua.

Karakana ya chuo cha ufundi katika mji wa Changwon ilikuwa na mashine nane za kukereza chuma. Namba moja ilikuwa mpya, yenye kioo kilichoonyesha vipimo kwa tarakimu. Kila asubuhi Seok-jun aliwatangulia wenzake, akaiwekea kofia yake kuishikia nafasi, kisha akaenda kunywa kahawa kwa raha zake. Alikuwa ameshindwa mtihani wa cheti mara mbili, na mara zote alidai kura ya kugawa mashine ilimpa mbovu. Baba yake alikwisha kumwambia wazi: akianguka tena, atakwenda kulima vitunguu vya mjomba wake.

Eom Mi-ran, mama wa watoto wawili, alichelewa daima kwa sababu ya kuwapeleka wanawe shule. Kwake ilibaki namba saba, kongwe iliyobambuka rangi. Gurudumu lake la mkono lililegea: ukilirudisha nyuma, lilizunguka bure karibu nusu mzunguko kabla kisu hakijasogea.

"Dada, hiyo si mashine, ni bibi yangu," Seok-jun alimtania.

"Bibi yako ana tabia zake. Nikishazijua tutaelewana. Njoo nikuonyeshe."

"Ya nini? Mimi na namba moja tumeshaoana."

Mi-ran alizoea kulirudisha gurudumu mbali, kisha kulileta mbele polepole mpaka kwenye alama ya kipimo. Yote aliyaandika daftarini. Mwezi wa kwanza aliharibu kapu zima la vyuma, akajifungia chooni akalia, akanawa uso, akarudi kazini.

Siku ya mtihani Seok-jun alifika mapema, akabandika ubavuni mwa namba moja peremende ya kunata aliyopewa na mama yake, ili naye anate kwenye orodha ya waliofaulu. Mwalimu Noh akapitisha kikopo cha kura. Mi-ran akapata namba moja. Seok-jun akafungua karatasi yake, uso ukamshuka: saba.

Alikereza vizuri hadi mkato wa mwisho. Hapo akalipitiliza gurudumu kidogo, akalirudisha kwenye alama tu, akaamini kisu nacho kimerudi. Hakikuwa kimerudi. Alipopima, chuma kilikuwa kimepungua kuliko kipimo kinachoruhusiwa, na chuma kilichokwisha kuliwa hakirudishwi. Akaizima mashine.

Jioni jina la Mi-ran lilikuwamo katika orodha. La Seok-jun halikuwamo.

"Mashine tena?" aliuliza mwalimu Noh.

Seok-jun aliitazama namba saba. Aliona aibu.

"Hapana, mwalimu. Ni mimi."

Alikwenda kuibandua peremende yake. Mi-ran alikuwa akiifuta namba moja mafuta.

"Dada, nikirudi utaniazima lile daftari?"

"Lichukue leo. Ulisome huko huko kwenye vitunguu."

Akalipokea kwa mikono miwili, akainama. Kabla ya kutoka alipitia namba saba, akalizungusha gurudumu lake nyuma, kisha mbele, akihesabu taratibu. Alikuwa ameelewa, ila mwaka mzima ulikuwa umekwisha kumpotea: mchagua jembe si mkulima.