Matanga ya Asiyekufa

Hapo zamani za kale, enzi za wanyama kujenga nyumba na kusengenya majirani, palizuka shauri katika Mtaa wa Vichuguu. Wanangu, kabla hamjachukua upande, sikilizeni yale ambayo mashahidi wote waliyakubali, hata wale wasioamkiana: kwamba kichochoro cha mtaa ule kilikuwa chembamba, kwamba Kifaru alikipita mbio kila asubuhi, akiwahi tope la mtoni kabla Nyati hajalivuruga, na kwamba siku moja alimkanyaga mkia Tindo, mtoto wa Nguchiro, na ncha yake ikakatika.

Mengine yote yana ubishi.

Tangu siku ile Nguchiro, mama yake Tindo, hakukaa akatulia. Gidi, gidi, gidi! Ardhi ikitetema, huacha mwiko, hukimbilia mlangoni, huwahesabu wanawe kwa kuwagusa vichwa, kisha hurudi jikoni akakuta uji umeungua. Hata pasipokuwa na kishindo, yeye alikisikia.

Akaenda kushitaki barazani. Wazee wakamwita Kifaru, wakamwamuru apite mtaani kwa mwendo wa pole, naye akakubali kwa adabu zote. Kesho yake, gidi, gidi, gidi! Vumbi tifu, mifuniko ya vyungu ikaruka. Alipoulizwa, alijibu bila haya:

"Huo ndio mwendo wangu wa pole. Wa haraka hamjauona."

Wazee wakatazamana. Waliamuru upole bila kusema ni upole wa nani, wa kobe au wa kifaru. Amri ikawa haina meno.

Nguchiro akawa anazungukazunguka uani. Aliwaza kuchimba shimo, akaacha, maana shimo halichagui. Lingemmeza Tindo kabla ya Kifaru. Akajiuliza mkubwa yule anaogopa nini. Wazee hawaogopi, miiba haiogopi. Ndipo akakumbuka maziko ya baba yake Kifaru. Mila ya mtaa ilikuwa hii: apitaye penye msiba bila kuketi na kutoa pole, siku yake ikifika hachimbiwi kaburi. Na kaburi la kifaru, wanangu, halichimbwi na mmoja.

Kulipopambazuka, Nguchiro alitandika majamvi katikati ya kichochoro, akafunga turubai juu yake, akawaketisha wanawe pamoja na watoto wa jirani. Akajitanda kaniki, akaanza kulia. Kilio chenyewe hakikuwa cha kuigiza. Alikuwa amekibana kifuani muda mrefu.

Gidi, gidi, gi... Kishindo kikakatika. Kifaru akavua kofia, akaketi ukingoni mwa jamvi, moyo wake ukiwa mtoni.

"Poleni, wafiwa."

"Tumeshapoa, baba."

"Msiba wa nani, mama Tindo?"

"Hatujamjua bado."

Kifaru akakohoa. "Hamumjui maiti wenu?"

"Ni mmoja wa hawa uliokaa nao. Watazame vizuri, maana wewe ndiye utakayetuambia ni yupi."

Kifaru akawatazama. Hakuwahi kuwaona akiwa ametulia. Kwake walikuwa vivuli tu vilivyopita kando. Tindo alikuwa akikipapasa kigutu cha mkia wake. Kifaru akageuza macho.

"Mimi nimuue mtoto wa jirani?"

"Mkia umekwisha kutangulia, baba."

Aliondoka akitembea. Alipofika mtoni, Nyati alishaoga na kwenda zake.

Kesho yake msiba ulikuwepo. Keshokutwa ulikuwepo. Kila asubuhi Kifaru alisimama, akavua kofia, akaketi, akatoa pole, kisha akapita hatua kwa hatua kati ya watoto. Hatimaye uvumilivu ukamwishia, akauliza matanga yale yataanuliwa lini.

"Matanga huanuliwa baada ya maziko," Nguchiro akamjibu. "Wetu hajafa. Ukitaka tuanue leo, tupe wa kumzika."

Kifaru akamshitaki kwa hila. Mbele ya baraza alidai kwamba ameporwa asubuhi zake kwa msiba wa uongo. Nguchiro akaomba atajiwe neno moja tu la uongo alilolitamka. Kifaru akalitafuta, akalikosa.

Hapo akasimama Mbega, mjane aliyemzika mumewe hivi karibuni, akasema neno zito: kwamba kilio ni cha waliofiwa kweli, na mtaa ukizoea turubai lisilo na maiti, siku ya msiba wa haki nani atasimama? Nguchiro alitazama chini, masikio yakiwa wima, kama asikilizaye kitu barabarani.

Baraza likaahirisha shauri, likaahirisha tena, na wakati wote huo turubai lilibaki pale pale. Watoto wakavuka kichochoro. Kifaru akatembea. Mama yake Tindo bado hukimbilia mlangoni ardhi ikitetema, lakini siku hizi hurudi jikoni kabla uji haujashika chini.

Heri kilio kinachomtangulia marehemu kuliko pole inayomfuata.

Hayo ndiyo yanayojulikana. Je, Nguchiro alihadaa, au alisema kweli kabla ya wakati wake? Msimpe haki kwa sababu ni mdogo, wala msimhukumu Kifaru kwa sababu ni mkubwa. Mpimeni na Mbega pia. Kisha amueni wenyewe, na mtakapotoka hapa, vukeni mkitazama pande zote.