Divai ya Harusi ya Nyemo

"Divai iliyonyamaza usiimwage." Shangazi yenu Nyemo amewajibu hivyo, akaenda zake jikoni, nanyi mmebaki kutazamana. Haya, sogeeni. Wewe Chalo, mume wangu mdogo, ndiye uliyeuliza kwa nini namsimulia Babu yako habari za sokoni kila siku, ilhali tangu kiharusi kimpate hajibu neno. Basi kaa hapo karibu naye usikie methali hiyo ilikotoka. Haikutoka mbali. Ilizaliwa humu humu kwetu, na aliyeisababisha ni huyu huyu Babu yako.

Miaka ile yeye alikuwa na shamba la zabibu nyeusi kule juu kwenye mawe, nami nilikuwa na langu bondeni, la zabibu nyekundu laini. Zake zilikuwa na ukakasi wa kukunja uso. Zangu, bila kujisifu, zilikuwa tamu. Fundi wa divai wa misheni akamfundisha kuzichanganya, sehemu mbili zake, moja yangu. Nyemo alipochumbiwa, Babu akatengeneza kipipa kimoja cha mchanganyiko huo, akajaza chupa arobaini, akazilaza kwenye shimo chini ya chumba chetu, maana nyumba ya tembe, kwa paa lake la udongo, ina ubaridi. Kisha akawaambia wakwe, tena mbele za watu, "Siku ya harusi mtakunywa divai ya mkono wangu, si ya dukani."

Na ilikuwa divai kweli! Tulipoionja kabla ya kuifungia, chumba kizima kilinukia zambarau mbivu, na ule ukakasi wake ukatukwaruza ulimi. Ilikuwa na kelele, lakini kelele za furaha.

Uchumba ukachukua miaka mitatu, kwa sababu bwana harusi alikuwa masomoni. Wiki mbili kabla ya harusi, Babu akafungua chupa. Akanusa. Akanusa tena. Akaniita nionje. Mama yangu wee! Haikunukia kitu. Haikuwa tamu, haikuwa kali, ilikuwa kama mtu umemsalimia akakutazama tu. Akafungua ya pili, yale yale.

"Imekufa," akasema. "Nimeaibika kwa wakwe."

Akazitoa zote shimoni, akazipanga kando ya mtaro, akaanza kumwaga. Ya kwanza ikaenda. Ya pili ikaenda. Nyemo amesimama mlangoni analia. Babu aliposhika ya tatu, nikamshika mkono.

"Imechacha?" nikamuuliza.

"Haijachacha."

"Imeoza?"

"Haijaoza, mke wangu. Haisemi kitu. Imenyamaza tu."

"Kwani wewe hukunyamaza?"

Akanigeukia, chupa bado mkononi.

"Mwaka wa kwanza wa ndoa yetu ulikuwa ukiongea mpaka kuku wanakosa usingizi. Ukame ukaua ng'ombe wako, ukanyamaza miaka miwili. Miwili, Baba Nyemo! Kaka zangu wakaja kunichukua, wakasema huyu mtu amekwisha. Niliwaambiaje?"

"Uliwaambia bado," akajibu kwa sauti ndogo.

"Mimi nilikumwaga?"

Akaweka chupa chini, akakaa kwenye ukingo wa mtaro, akacheka huku machozi yakimtoka. Nawaambieni kweli, siku ile nilimpenda kuliko siku aliyonioa.

Harusini tulikunywa pombe ya asali. Babu yenu alisimama mbele ya wakwe akasema wazi kwamba divai haijawa tayari. Walimtania weee, akavumilia, ngoma ikapigwa, watu wakasahau. Chupa zikarudi shimoni, zikakaa miaka minne mingine.

Siku ya ubatizo wa mtoto wa kwanza wa Nyemo, akafungua moja. Zambarau! Lakini safari hii hukuweza kusema hapa ni zabibu zake, hapa ni zangu. Ukakasi ulikuwa umelainika, utamu umetulia, na nyuma yake inakuja harufu ya udongo ulionyeshewa mvua ya kwanza. Baba mkwe wa Nyemo akaonja, akauliza, "Hii mlikuwa mnamficha nani?" Babu akamsimulia yote, hata zile chupa alizozimwaga mtaroni. Mkwe akatikisa kichwa. "Kumbe divai iliyonyamaza usiimwage!" Watu wakacheka, wakaondoka nayo midomoni. Siku hizi hata wasioijua ladha ya divai wanaisema, mtoto akichelewa kutamka, au rafiki akikaa muda bila kuleta salamu.

Chupa hii niliyofungua sasa ndiyo ya mwisho katika zile arobaini. Tazameni rangi yake ukingoni mwa bilauri, imekuwa kama tofali. Imezeeka nayo, kama sisi. Chalo, msogezee Babu yako puani. Usimnyweshe, daktari amekataza. Anuse tu.

Baba Nyemo, mbukwa, nakuamkia! Unasikia harufu gani, mume wangu?

Msimharakishe. Nanyi nyamazeni kidogo.

"Zam... ba... rau."

Mmesikia? Jamani, mmesikia! Nyemo, njoo, baba yako amesema! Chalo, usinililie hapa, utaniliza na mimi. Haya, semeni wote kwa sauti, naye asikie: divai iliyonyamaza usiimwage.